Kwa nini panchi ya ramu hugeuka maji bakulini?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nimepewa vinywaji vya sendofu ya watu 40 hapa Dar es Salaam, na wenye shughuli wanataka bakuli kubwa la panchi ya ramu. Natumia uwiano niliofundishwa: ndimu sehemu 1, shira 2, ramu 3, juisi ya nanasi 4, kisha namwaga mfuko wa barafu. Mwanzoni inakuwa kali na tamu kupita kiasi, na saa moja baadaye imekuwa maji. Uwiano huu una kosa? Na ramu ikikosekana, Konyagi inafaa?

JIBU: Dada, uwiano ni mzuri. Kinachokuharibia ni barafu, kwa sababu barafu ni maji, na maji hayo hukuyapima.

Chukua lita 10 za mchanganyiko uliokaa kwenye joto la Dar, tuseme nyuzi 28. Ili zishuke hadi nyuzi 4, karibu kilo 3 za barafu ni lazima ziyeyuke humo humo. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334 za joto, na lita zako 10 zina takribani kilojuli 1,000 za kutoa. Kwa hiyo lita 10 zimekuwa 13 kabla wageni hawajarudi kwa kikombe cha pili. Ramu ya asilimia 40, ikiwa sehemu 3 katika 10, hukupa kinywaji cha asilimia 12, yaani nguvu ya divai. Barafu ile ikishayeyuka umebaki na asilimia 9 na kitu, ndimu imefifia, na barafu iliyosalia bado inaendelea kuyeyuka.

Sasa tazama uwiano wenyewe unasema nini. Ni wa Karibiani, na waliouandika mapema waliuweka wazi. Shairi lililochapwa London mwaka 1878, likieleza panchi ya Jamaica, linataka glasi moja ya maji ya limau, mbili za sukari, tatu za ramu na nne za maji baridi. Maji, dada, siyo juisi. Juisi ya nanasi ina sukari yapata gramu 100 kwa lita, mara nyingi zaidi, kwa hiyo lita 4 zinaongeza gramu 400 juu ya kilo moja na robo ya sukari iliyomo kwenye lita 2 za shira. Utamu unaoulalamikia umetoka hapo. Ukimimina barafu juu yake, umeingiza kitu cha tano ambacho uwiano haukukihesabu.

Panchi yenyewe ni ya zamani kuliko ramu ya Jamaica, na ilianzia upande wetu wa bahari. Barua ya mwaka 1632 ya Robert Adams, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, tayari inataja unywaji wa panchi kule India. Kileo chake kilikuwa araki. Ya Goa ilitoneshwa kutokana na tembo la mnazi, lile lile linalogemwa hapa pwani, na ya Batavia, yaani Jakarta ya leo, ilitokana na molasi pamoja na mchele. Waliongeza maji ya ndimu au limau, sukari, maji na viungo, hasa kungumanga. Sukari na viungo vilikuwa ghali Ulaya, na bakuli moja lilinunuliwa na kundi zima, kila mtu akichotewa kwa upawa. Ndiyo maana tangu mwanzo panchi ni kinywaji cha jamaa waliokaa pamoja.

Katika karne hiyo hiyo ya 17, mashamba ya miwa ya Barbados na kisha Jamaica yalianza kutoa ramu kutokana na molasi iliyobaki baada ya kupika sukari, na kwenye bakuli za Waingereza wa Atlantiki ramu ikashika nafasi ya araki. Waliokata miwa hiyo, wakaisindika na kuchemsha sukari usiku kucha walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Nasisitiza jambo hili kila ninapofundisha vijana wa baa, kwa sababu sukari na ramu vilivyojaza bakuli zile vilitoka mikononi mwa watu hao.

Na muda wote huo hapakuwa na barafu. Frederic Tudor wa Boston ndiye aliyepeleka shehena ya barafu Martinique, kisiwa cha Karibiani, mwaka 1806, na mwaka 1833 barafu yake ikafika Calcutta. Panchi ilikuwa imenyweka kwa zaidi ya miaka 170, na maji yake yalipimwa kwa chombo kama ramu ilivyopimwa. Barafu iliyosagwa na juisi nyingi zilishamiri zaidi kuanzia miaka ya 1930, kwenye baa za Marekani kama ile ya Don the Beachcomber huko Hollywood. Lakini pale kinywaji kilichanganywa mtu anapoagiza na kunywewa papo hapo. Bakuli lako litakaa mezani kwa muda wa saa tatu.

Kwa hiyo fanya hivi. Ramu lita 3, maji ya ndimu lita 1 yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo, shira lita 1 na nusu, juisi ya nanasi lita 1, maji lita 2. Kila kitu kilale kwenye friji tangu jana yake. Usiku huo huo gandisha lita 2 za maji kwenye chombo kimoja, yawe bonge. Vipande vidogo vya uzito ule ule vina eneo la nje zaidi ya mara 4 ya bonge, na huyeyuka haraka kwa kiasi hicho. Panchi itaanza na asilimia 14 hivi na kuishia 11 na kitu bonge likiisha, nayo inatosha vikombe viwili vidogo kwa kila mgeni.

Shira itengeneze kwa kilo moja ya sukari na lita moja ya maji. Kabla ya hapo, sugua sukari hiyo na maganda ya malimau au machungwa uliyoyamenya bila ule weupe wa ndani, uiache saa kadhaa mpaka ilowe mafuta ya maganda. Waandaaji wa Uingereza wa karne ya 18 walianza hivyo, na tofauti utaisikia puani kabla ya kuonja. Kungumanga ikwangue juu wakati wa kuchota.

Soma lebo ya chupa kila mara. Ziko ramu za Jamaica zenye asilimia 63, na ukizitia kwenye uwiano wa asili utafika karibu 19 bila mgeni kujua. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo weka lita 3.4 badala ya 3 na upunguze maji kwa lita 0.4. Itafaa kwa nguvu, lakini haina ladha ya molasi; kaanga sehemu ya sukari mpaka iwe ya hudhurungi kabla ya kuifanya shira. Weka pia bakuli la pili lisilo na kileo, lenye kibandiko kikubwa na upawa wake, mbali na la kwanza.