Kabla Hujatua Arlanda: Ushauri kwa Anayekwenda Stockholm Mara ya Kwanza

Tangu nihamie Stockholm nimekuwa nikiwapokea ndugu na marafiki kutoka Dar es Salaam na Mombasa, na nimegundua kwamba wanayoyaulizia kabla ya safari, yaani baridi na tabia za watu, siyo yanayowasumbua wakishafika. Kinachowasumbua ni malipo, nauli na saa, mambo ambayo yangemalizwa kwa maandalizi ya jioni moja nyumbani.

Nianze na hati. Sweden imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa hiyo kama ndege yako inapitia Amsterdam au Frankfurt, ukaguzi wa uhamiaji utafanyika huko huko, wala si Stockholm. Barua ya mwaliko, uthibitisho wa malazi, tiketi ya kurudi na bima ya safari, ambayo kwa viza ya muda mfupi lazima ifikie walau euro 30,000, viwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Karatasi zilizomo ndani ya sanduku lililokwisha kupakiwa hazimsaidii mtu aliyesimama mbele ya afisa uhamiaji.

Katika suala la fedha, usibebe bunda la dola. Sweden inatumia krona, siyo euro, na hata hizo krona zikiwa noti utapata taabu kuzitumia: mabasi hayapokei fedha taslimu, migahawa mingi imebandika tangazo mlangoni kwamba haizitaki, na vyoo vingi vya kulipia hufunguka kwa kadi. Wenyeji hulipana kwa Swish, huduma ya simu ambayo mtu aliyezoea M-Pesa ataielewa mara moja, ila haitamfaa, kwa kuwa inadai akaunti katika benki ya Sweden. Njia ya mgeni basi ni kadi ya benki. Kabla ya safari, hakikisha kwamba kadi yako imefunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi, kwamba inaweza kulipa kwa kugusishwa tu kwenye mashine, na kwamba namba ya siri unaikumbuka, kwani kuna wakati mashine huidai. Ukiweza, uwe na kadi mbili za benki tofauti, na usiziweke mfuko mmoja. Mashine ikikuuliza kama ulipe kwa krona au kwa fedha ya nyumbani, chagua krona, maana ubadilishaji unaofanywa na mashine kwa kawaida humuumiza mteja.

Uwanja wa ndege wa Arlanda uko takriban kilomita 40 kaskazini mwa jiji. Treni ya Arlanda Express hufika katikati ya mji kwa muda usiozidi dakika 20, lakini bei yake ni kubwa. Mabasi ya Flygbussarna huchukua kama dakika 45 kwa nauli nafuu zaidi. Njia ya bei ya chini kabisa ni kupanda basi la kawaida namba 583 hadi Märsta, kisha treni ya abiria hadi mjini, yote kwa tiketi moja ya SL, shirika la usafiri wa umma. Treni ya abiria inafika Arlanda pia, ila anayepandia hapo hutozwa ada ya kituo ya zaidi ya krona 100 juu ya nauli. Mwenye masanduku na watoto namshauri Flygbussarna. Mwenye begi moja aende zake Märsta.

Teksi zinataka macho. Serikali haipangi bei zake, hivyo magari mawili yaliyo kwenye foleni moja yanaweza kupishana bei kwa kiasi cha kushangaza. Sheria inadai kila gari libandike kwenye dirisha la nyuma bei ya kulinganishia, yaani gharama ya safari ya kilomita 10 ya dakika 15, kwa tarakimu kubwa inayosomeka ukiwa umesimama nje. Isome kabla hujafungua mlango, ulinganishe na la jirani, na usione haya kuliacha gari la kwanza. Mgeni wangu mmoja aliona haya, akalipa karibu maradufu.

Mjini, tiketi moja ya SL hudumu dakika 75, na ndani ya muda huo unaweza kuhama kutoka basi kwenda treni ya chini ya ardhi hadi kivuko cha namba 82 kinachotoka Slussen kwenda kisiwa cha Djurgården. Safari ya kivuko hicho kwangu inazidi nyingi za boti za watalii. Ukishuka hapo, usipite bila kuiona Vasa, meli ya kivita iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, ikaibuliwa mwaka 1961, nayo bado ni nzima kwa kiasi ambacho hutatarajia.

Unapovuka barabara, kumbuka kwamba magari hupita kulia, kwa hiyo angalia kushoto kwanza, kinyume cha tulivyolelewa. Na njia ya baiskeli usiigeuze mahali pa kupigia picha, maana waendeshaji hawapunguzi mwendo.

Saa za jua zinavuruga watu kuliko baridi. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo matembezi ya nje yaanze saa tatu asubuhi, na makumbusho yaachiwe alasiri. Juni, kinyume chake, jua huchomoza saa tisa na nusu usiku na kuzama saa nne usiku. Mwislamu atajikuta akingoja Magharibi wakati watoto wa nyumbani wamekwisha kulala. Msikiti mkubwa uko karibu na kituo cha Medborgarplatsen, katika jengo lililokuwa kituo cha umeme. Kuhusu mavazi, koti moja zito halitoshi wala halifai, kwa sababu ndani ya majengo na treni kuna joto: vaa nguo kadhaa unazoweza kuzipunguza, na viatu vyenye soli ya kukamata barafu.

Chakula cha mgahawani usiku ni ghali. Kula vizuri mchana, siku za kazi, kati ya saa tano na saa nane, ambapo migahawa huuza mlo wa siku kwa bei moja, mara nyingi pamoja na saladi, mkate na kahawa. Maji ya bomba ni salama, hivyo chupa ijaze hotelini. Na kama tarehe zako zinaangukia sikukuu ya Midsommar, ambayo mkesha wake huwa Ijumaa kati ya 19 na 25 Juni, nunua chakula siku moja kabla, kwani wenyeji huhamia mashambani na maduka mengi hufungwa.