Semina ya siku mbili inatosha kuwaandaa wakufunzi wa mtandaoni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkuu wa idara kwenye chuo cha kati hapa Dodoma. Muhula ujao kozi yetu ya utunzaji kumbukumbu inahamia mtandaoni yote, hamna darasa kabisa, na wanafunzi wengi wako kazini huko Kondoa na Mpwapwa. Nimepewa siku mbili za semina, nimepanga siku moja Moodle (mfumo wa kuweka masomo mtandaoni), siku moja Zoom. Zinatosha?
Mkuu wa idara, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hazitoshi, ila siku sio zinazonisumbua sana, kinachonisumbua ni kwamba semina yako nzima inafundisha kubonyeza. Mkufunzi anaweza kujua kila kitufe cha Moodle na bado akaishia kusoma slaidi kwenye Zoom masaa mawili, mwanafunzi wa Kondoa bando limekata zamani, na hutajua, maana mtandaoni mtu akipotea anapotea kimya kimya.

Kabla ya semina wafanye wawe wanafunzi kwanza. Fungua kozi fupi ya wiki mbili humo humo kwenye Moodle ya chuo, wewe ndo mkufunzi wao, na waisome kwa simu zao na bando lao, sio waifai ya ofisini. Asaimenti ya kwanza iandike kama tunavyoandikaga ubaoni, "Jadili umuhimu wa masijala", basi, halafu kaa kimya siku tatu. Utaona simu zitakavyoita: Madamu ni kurasa ngapi, tunaandika kwa mkono tupige picha au tutaipu, mwisho saa ngapi. Darasani maswali hayo unayamaliza kwa mdomo dakika moja, mtandaoni yote yanatakiwa yawe yameshajibiwa kwa maandishi kabla mtu hajauliza, na mkufunzi aliyeteseka nayo mwenyewe hatasahau.

Sasa kwenye semina kila mtu aje na moduli yake, ajenge wiki ya kwanza mpaka iishe: mwanafunzi ataweza kufanya nini, atasoma nini, atafanya zoezi gani, maksi zinatoka wapi. Mwenzake aipitie kwa simu. Na jamani, muhula usifunguliwe kabla kozi haijafika walau nusu, kujenga huku unafundisha ndiko kunakomaliza watu.

Vidio ziwe fupi. Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua vidio za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta zinazoshika watu zaidi ni zile zisizozidi dakika 6. Kwa kozi yenu ni rahisi tu, simu iegemezwe juu ya meza, ioneshe mikono inafungua jalada, inapanga barua, inaandika namba ya folio (namba ya barua ndani ya jalada), inajaza rejista, imeisha. Moodle ina app ya simu, mwanafunzi anadownload penye mtandao anasoma baadaye hata mtandao usipokuwepo. Zoom ibaki ya maswali, jioni, na irekodiwe.

Wakufunzi wakubaliane pia kuwajibu wanafunzi ndani ya siku mbili, na asiyeingia kwenye kozi wiki nzima apigiwe simu, sio kutumiwa tangazo.

Chuo Kikuu Huria wanafundisha watu wa mbali tangu 1994 na wana kituo hapo Dodoma, nenda kaongee nao. Halafu kamwombe mkuu wa chuo bando la wakufunzi na vipindi vyao vipunguzwe wakati wanajenga, akikataa vyote viwili anzeni na moduli moja tu, zingine zisubiri.