Debe Moja na Sado Moja: Chakula cha Mchana Shuleni Kinawezekana

Kila baada ya muda zinarudi kwenye magrupu ya wazazi zile picha za sinia za chakula cha shule. Japani wali, samaki, supu na maziwa. Ufaransa jibini na tunda. Marekani pitsa. Chini yake mmoja anaandika "wenzetu wako mbali", wengine wanaweka vikatuni vya kulia, na mjadala unaishia hapo.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya chakula ya shule ya msingi ya kutwa kijijini kwetu, Nyanda za Juu Kusini. Mzazi mwenzangu, usihangaike na kilichomo kwenye sinia. Uliza nani amekileta, nani anakitunza, nani anakigawa na nani anakila.

Chukua Finland. Kila mwanafunzi kule anakula bure, na imekuwa hivyo tangu 1948. Ukiitaja mkutanoni utajibiwa kwamba wale ni matajiri. Sheria yenyewe ilipitishwa 1943, nchi ikiwa vitani, na iliwataka watoto wafanye kazi nje ya saa za masomo kulima na kukusanya chakula cha jiko la shule. Waliingia msituni kuchuma matunda pori. Shule yenye ekari mbili za magugu nyuma ya madarasa isiseme habari hizi hazitufai.

Japani nayo, kwa sheria yake ya 1954, wapishi na vyombo ni juu ya halmashauri, na kwa miaka mingi gharama ya chakula chenyewe imekuwa juu ya mzazi. Hapa kwetu, elimu bila ada ilipoanza 2016, wengi walielewa kwamba na chakula kimo. Hakimo. Shule ya kutwa bado inategemea sisi.

Sasa tuje kwenye kiasi, maana hapo ndipo mikutano yetu huvunjikia. Kilichonisaidia ni kipimo cha India, wanaolisha watoto wengi shuleni kuliko nchi nyingine yoyote. Mtoto wa madarasa ya chini hupangiwa gramu 100 za nafaka na gramu 20 za mikunde kwa siku, pamoja na mboga na mafuta kidogo. Zidisha kwa siku 194 za masomo kwa mwaka: nafaka ni kilo 19 na ushee. Kwetu gunia la kilo 100 tunalihesabu debe sita, kwa hiyo hiyo ni debe moja na sado moja, lile kopo la lita nne la kupimia nafaka. Mikunde haifiki kilo nne. Watoto wakubwa kule hupewa gramu 150 na 30, yaani unaongeza nusu. Ni kiwango cha chini, na mtoto wa kwetu aliyezoea ugali atataka zaidi, lakini pa kuanzia pamepatikana. Mzazi akiambiwa "changia chakula" anaona mzigo usio na mwisho. Akitajiwa debe moja na sado moja kwa mwaka, anauliza alete lini.

Alete Julai au Agosti, mahindi yakiwa bado ndani. Kudai mahindi Januari ni kutafuta ugomvi tu: bei imepanda, sare zinadaiwa, na ghala la nyumbani limebaki vumbi.

Mkishakusanya, mtunze. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, kamwe si chini kwenye udongo, na yasipokelewe yakiwa na unyevu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Tumieni mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huzuia dumuzi bila dawa. Na dawa za shambani zisikae stoo ya chakula hata siku moja. Julai 2013, katika jimbo la Bihar huko India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichoingiwa na dawa ya kuua wadudu. Dumu lililowahi kubeba dawa halioshwi likatakata. Litoboeni, asije mtu akalitilia mafuta ya kupikia.

Jambo la Wajapani ambalo halina gharama ni hili: mwalimu mkuu huonja kwanza, kisha watoto wa zamu, wamevaa makoti meupe na kofia, huwagawia wenzao, na mwalimu hula chakula kile kile darasani pamoja nao. Makoti tuyaache. Lakini pale ambapo walimu wana sufuria yao pembeni, maharage yaliyobunguliwa yatapikwa mwaka mzima na hakuna atakayesema. Mwalimu wa zamu akila makande yale yale, mawe yanapungua ghafla. Watoto wa darasa la sita na la saba wanaweza kugawa vizuri, mradi mtu mzima asimamie ukoko, kwa kuwa ukoko huleta vita.

Kuna shule niliyoiona ambako mtoto ambaye kwao hawajaleta mahindi hukaa nje chini ya mti wenzake wakila. Sikubaliani nayo kabisa. Deni ni la mzazi, na mzazi ana jina, ana mwenyekiti wa kitongoji, anafuatika. Asiye na mahindi alete kuni, au apukuchue siku mbili, au alete mchicha kila wiki. Kuna bibi wanaolea wajukuu watatu peke yao, na hao kamati iwafutie bila kusomwa majina mbele ya mkutano. Mtoto ale siku hiyo hiyo.

Kabla ya mkutano ujao, omba kuona daftari la stoo: kilichoingia, kilichotoka, na saini ya aliyepima. Kama halipo, hiyo iwe ajenda ya kwanza. Halafu pitieni jikoni muulize kama maharage yanalowekwa usiku. Yakilowekwa yanaiva mapema na kuni zinapungua, na huo ni mzigo unaotoka kichwani kwa mama fulani. Mpishi akisema yanapoteza ladha, mwongezeeni vitunguu.