Setilaiti iliyokufa bado ina mwenyewe

Swali: Kampuni yetu inaunda chombo cha kukamata taka za angani. Kuna setilaiti za kigeni zilizozimika zamani na hakuna anayezijali. Je, tunaweza kuziondoa bila kumwomba mtu? Mbona baharini anayeokoa mali iliyo hatarini hulipwa?

Jibu: Hamwezi. Sheria ya uokoaji wa baharini haifiki huko juu. Kinachotawala ni Ibara ya 8 ya Mkataba wa Anga za Juu wa 1967: nchi iliyosajili chombo inabaki na mamlaka juu yake, na umiliki haupotei kwa kuwa kiko angani. Mkataba hautofautishi kizima na kibovu, wala hauweki muda ambao ukipita mali inakuwa ya yeyote aiokotaye.

Kwa hiyo mtahitaji idhini ya nchi ya usajili, na ya mwenye mali pia. Kama bima ilishalipa hasara yote, huenda kampuni ya bima nayo ina haki.

Lakini zito zaidi ni fidia. Tuseme mkono wa chombo chenu umekamata setilaiti, tangi lake kuukuu likapasuka, vipande vikagonga setilaiti ya nchi ya tatu. Chini ya Mkataba wa Dhima wa 1972, ajali ya angani hulipwa na nchi ambayo yenyewe au watu wake wana kosa. Kipande kikianguka duniani na kudhuru, nchi iliyorusha hulipa hata kama haikukosea. Na inayohesabiwa kuwa imerusha ni pamoja na iliyogharamia na iliyotoa ardhi au kituo.

Mwaka 2024 chombo cha Kijapani, ADRAS-J, kilisogea hadi mita 15 hivi kutoka kipande cha roketi ya H-2A kilichobaki kwenye obiti tangu 2009. Roketi ni ya Japani, na mteja ni shirika la anga la Japani, hivyo idhini haikuvuka mpaka. Hata hivyo ADRAS-J ilirushwa kutoka New Zealand, na hilo peke yake linaiingiza nchi hiyo kwenye dhima.

Vipande vidogo, kama vya setilaiti za Iridium 33 na Kosmos 2251 zilizogongana 2009, vinaniumiza kichwa zaidi. Kisheria vina wenyewe, ila kipande cha ukubwa wa kidole utamuuliza nani? Naamini nchi zingepaswa kutangaza mapema kwamba visivyotambulika viondolewe na yeyote mwenye kibali.

Anzeni na daftari la usajili la Umoja wa Mataifa linalotunzwa Vienna. Mkishaijua nchi, barua ipitie serikali yenu, kwa sababu Ibara ya 6 ya Mkataba wa Anga za Juu inaidai iwape kibali na kuwasimamia, na makubaliano ya nani atalipa nini yatiwe saini kabla chombo hakijarushwa.