Amoksilini ya mtoto imejitenga chupani, je, imeharibika?

Dada uliyeuliza kuhusu amoksilini ya mwanao, kwamba asubuhi umekuta juu majimaji na chini uji mzito: haijaharibika. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Natoa dawa dirishani hapa Dodoma mwaka wa tisa sasa. Amoksilini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Chembe zake zinaelea tu, zikishikiliwa na gundi kidogo iliyowekwa kiwandani kwenye ule unga unaochanganywa na maji, pamoja na sukari na ladha. Gundi inazichelewesha kushuka, haizizuii. Usiku kucha zinatuama kama togwa mtungini.

Mwaka jana mama mmoja wa Nkuhungu alinijia na chupa siku ya tatu. "Kaka, mbona homa haishuki?" Nikaigeuza juu chini, uji umeng'ang'ania kwenye kitako, hauteremki. Nilitikisa karibu dakika nzima ndipo ukaachia. Kumbe alikuwa anamimina tu. Mtoto amekunywa majimaji siku tatu, na dawa yenyewe ingemfikia kwa wingi mwishoni. Nilimrudisha kituo cha afya mtoto apimwe upya. Iliniuma, maana aliyempa ile dawa alimwambia "ml 5 mara tatu" basi.

Kwa hiyo tikisa kila unapompa, hata kama umetikisa saa nane zilizopita.

Kwenye kuchanganya, gonga chupa kwanza unga ulegee. Tia maji yaliyochemshwa na kupoa kabisa, nusu hivi, tikisa, acha povu litulie, ndipo ujazie hadi kwenye alama. Povu hudanganya macho. Chupa ya ml 100 yenye mg 125 kwa kila ml 5 ina mg 2500 tu. Ukipitisha alama, kila dozi inapungua nguvu.

Maji yenyewe ndiyo yanayoivunja amoksilini polepole, ndiyo maana inasafirishwa ikiwa kavu. Chupa nyingi zimeandikwa siku 7 baada ya kuchanganywa, nyingine 14 kwenye friji. Fuata lebo yako. Joto linaharakisha, na unajua Oktoba yetu chini ya bati. Kama huna friji, iweke pembeni ya mtungi wa maji, mbali na dirisha na jiko. Inayobaki usimtunzie mdogo wake.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai havilingani.

Uliichanganya siku gani, dada?