Zlib iliyojificha ndani ya kifurushi changu

Machi 2022 lilitangazwa kosa la zlib, maktaba ya msimbo wa kubana data ambayo programu nyingi huitumia: matoleo kabla ya 1.2.12 yangeweza kuharibu kumbukumbu ya kompyuta wakati wa kubana. Debian, mfumo wa Linux ninaoutumia, wakaziba upesi. Nikiwa kwangu Michenzani, Unguja, nikasasisha kwa mtandao kompyuta zote za maktaba ya skuli moja Wete, Pemba, nikalala.

Wiki kadhaa baadaye nikawa napekua chanzo (msimbo) cha programu ya kuazimishia vitabu niliyoifungasha mwenyewe. (Kifurushi hapa ni faili la .deb la kusakinishia programu, si bando.) Ndani ya folda ya third_party, ya misimbo ya watu wengine, imejikalia zlib 1.2.11, nzima. Kumbe ile ya Debian programu haikuwa hata ikiigusa. Na intaneti ya skuli ilikuwa imekatika, ikabidi boti hadi Mkoani, kisha daladala, kwa kosa ambalo dunia ilishalisahau.

Siku hizi chaguo la “tumia zlib ya mfumo” silitegemei peke yake. Naifuta folda ya nakala kabisa kabla ya kujenga, yaani kugeuza chanzo kuwa programu. Kama bado inahitajika, ujenzi utakwama mbele yangu, si mbele ya mwalimu. Kwa Debian, itaje folda hiyo kwenye Files-Excluded ndani ya faili la debian/copyright, na uscan, chombo cha kupakua chanzo, itaiacha nje inapofunga chanzo upya. Ukishajenga, endesha ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazipakia: iliyounganishwa na zlib ya mfumo kwa njia ya kawaida itaonyesha libz.

Ila usifute kwa pupa. Niliwahi kufanya hivyo. Programu ikajengeka, ikafunguka vizuri, halafu ikashindwa kusoma faili za zamani. Mwandishi wa programu alikuwa ameongeza mistari yake ndani ya maktaba ya watu! Kwanza linganisha nakala kwa diff, amri ya kuonyesha tofauti za mafaili, na toleo lile lile la asili. Ukikuta tofauti, zipeleke kwa wenye maktaba. Wakizikataa, bakisha nakala hiyo, eleza sababu, na leseni yake iandikwe.

Sera ya Debian yenyewe inaruhusu nakala zilizokusudiwa kunakiliwa, kama vipande vya Autoconf, chombo cha kuandaa ujenzi. Na stb, maktaba za C za faili moja moja, imetengenezwa hivyo hivyo, huko usijichoshe.

Mwandishi wa ile programu ya vitabu nilimwandikia, bila lawama. Akakubali kuongeza chaguo la zlib ya mfumo, lakini nakala yake kaibakisha kwa ajili ya watu wa Windows. Haya. Mie naifuta kila toleo.