Barua kwa mwanangu: mkate wa mahindi na keki ya tabaka

Mwanangu Neema,

Umeuliza mkate wa mahindi mliokula Krismasi huko Knoxville, Marekani, kwenye ule mgahawa wa vyakula vya milima ya Appalachia, ulipataje ganda lile, wakati wako umenata kikaangoni. Tena keki ya tabaka, ile ya matufaha, imekutoka kavu.

Mkate umenata kwa sababu kikaango kilikuwa baridi. Chukua kile cha chuma kizito, sentimita 25, tia mafuta vijiko vikubwa vitatu, kiache ndani ya oveni ya nyuzi 230 za Selsiasi kwa dakika 10. Huku nje koroga unga mweupe wa mahindi vikombe viwili, bekingi pauda kijiko cha chai kimoja, bekingi soda nusu kijiko, chumvi kijiko kimoja, yai, na mtindi kikombe kimoja na robo tatu. Soma pakiti kwanza: unga mwingine wa huko huuzwa umeshatiwa pauda na chumvi. Dondosha tone la unga huo kikaangoni. Lisipolia chwaa, rudisha oveni. Likilia, mimina unga wote, oka dakika 20 hadi 25, kisha pindua mkate kwenye sahani papo hapo. Ukiuacha humo, mvuke unalainisha ganda. Sukari usitie. Najua utatia, lakini usitie.

Maharage yale ya madoa ya mgahawani hayana siri. Loweka nusu kilo usiku kucha, chemsha kwa moto mdogo saa mbili au tatu na kipande cha nguruwe wa moshi (paja la bata mzinga wa moshi linafaa vilevile, ukiwa na wageni Waislamu). Achari ya kabichi na nyanya za kijani ingoje mezani, kwani siki ikiingia sufuriani mapema maharage yanagoma kuiva. Magadi usitie, maharage yatageuka uji.

Sasa keki. Donge lako la unga halina kosa, makosa ni mawili: umetumia matufaha mabichi, na umeikata keki siku ileile uliyoioka. Mabichi yana maji mengi, tabaka zinateleza. Nunua yaliyokaushwa, gramu 450, funika kwa maji, chemsha taratibu kama saa moja, ponda mpaka kijiko kisimame, ndipo utie mdalasini, tangawizi na shira ya mtama. Ndiyo, mtama wetu huuhuu uliotoka Afrika. Kule wana aina yenye bua tamu, wanalikamua kama muwa na kuchemsha maji yake mpaka yawe mazito.

Tabaka sukuma nyembamba, nusu sentimita tu, sita au saba. Zikitoka oveni huwa ngumu kama biskuti, usishtuke. Paka matufaha yakiwa vuguvugu mpaka ukingoni, maana pasipopakwa ndipo panapobaki pakavu. Funga keki vizuri, iweke siku mbili, tatu ni bora. Ukitaka kuila Krismasi, ioke tarehe 22.

Mama yako